Muhuri Ofisini, Simu Mfukoni: Miaka Arobaini ya Kazi Gitega na Muyinga

Historia ya kazi huandikwa aghalabu kwa kufuata mishahara, vyeo na sheria za ajira, lakini ipo njia nyingine ya kuisoma, nayo ni kuuliza agizo hutumia muda gani kutoka kwa anayelitoa hadi kwa anayelitekeleza, hupitia mikononi mwa nani, na nani hugharimia safari yake. Kwa kipimo hicho, Warundi walioingia kazini katikati ya miaka ya 1980, ambao sasa wanastaafu au wamekwisha kustaafu, ni kizazi cha pekee, kwa kuwa katika umri mmoja wa kazi wameandika kwa taipureta na karatasi ya kaboni, wamezungumza kwa simu ya upepo, wamepokea faksi, wamejifunza kompyuta wakiwa watu wazima wenye watoto, na hatimaye wamepokea maagizo ya wakubwa wao kwa WhatsApp. Mabadiliko ambayo huko Ulaya vizazi vitatu au vinne viligawana, kwao yaliingia katika miaka arobaini.

Miji ya Gitega na Muyinga huonyesha mabadiliko hayo vizuri inapotazamwa pamoja. Gitega uko katikati ya nchi, na tangu mwaka 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, ilhali Bujumbura umebaki mji mkuu wa kiuchumi. Muyinga uko kaskazini-mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania, na maisha yake yamefungamana na kahawa, soko na malori yanayopita kituo cha mpakani cha Kobero. Kati ya miji hiyo miwili kuna barabara inayopita Karusi, na kwa muda mrefu barabara hiyo ndiyo iliyokuwa pia njia ya habari, kwa sababu barua haikuweza kwenda kasi kuliko gari lililoibeba. Leo ujumbe hufika kabla aliyeutuma hajaiweka simu mezani. Hata hivyo, kasi hiyo haikuja peke yake: mamlaka ya uamuzi yamebaki kwenye karatasi na muhuri, na gharama ya mawasiliano, ambayo zamani ilikuwa ya ofisi, kwa sehemu kubwa imehamia mfukoni mwa mfanyakazi.

Ngoma na amri ya maandishi

Teknolojia ya mawasiliano ni njia yoyote iliyobuniwa na binadamu ili habari ifike mbali kuliko sauti ya msemaji, na kwa maana hiyo haikuanza na waya. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili, yaani ngoma na ufalme, na katika sherehe ya umuganuro mwami, yaani mfalme, ndiye aliyefungua msimu wa kupanda mtama, hivyo kalenda ya kazi ya wakulima ilitegemea tangazo lililotoka kwenye makao ya mfalme. Gishora, mahali palipohifadhi ngoma za ufalme, pako kilomita chache kutoka mjini Gitega, na ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014.

Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia makao yao ya utawala Gitega kutoka Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, na tangu hapo amri ya kazi ikaanza kuwa karatasi. Karatasi hiyo iliandikwa kwa lugha ya mtawala, lakini ilifafanuliwa kwa Kiswahili na askari, makarani na wafanyabiashara waliotoka pwani na Tabora, na ndiyo maana miji ya Burundi ina hadi leo mitaa inayojulikana kuwa ya Waswahili. Baada ya Wabelgiji kuiteka nchi mwaka 1916, Kifaransa kilichukua nafasi ya Kijerumani, na utaratibu wa barua rasmi ambao watumishi wa miaka ya 1980 waliukuta ofisini ulikuwa zao la utawala huo.

Ofisi ya karatasi

Mtumishi aliyeajiriwa Muyinga mwaka 1985 aliingia katika ofisi iliyoongozwa na mambo matatu: taipureta, daftari la barua na tarishi, ambaye wengi nchini humwita plantoni. Barua ilipigwa chapa pamoja na nakala zake kwa karatasi ya kaboni, ikapewa namba ya kumbukumbu, ikasainiwa na kugongwa muhuri, kisha tarishi akaipeleka, na aliyeipokea akagonga muhuri wake kwenye nakala iliyorudi kuwa ushahidi. Mwalimu au muuguzi hakumwandikia mkuu wa Gitega au Bujumbura moja kwa moja, bali barua yake ilipitia kwa msimamizi wake wa karibu, naye akaipandisha ngazi inayofuata, hata ikamfikia mhusika ikiwa imebeba saini za kila aliyeiona. Utaratibu huo ulichosha, lakini uliweka kumbukumbu, kwani kila aliyeichelewesha barua aliacha alama ya siku yake.

Simu ya waya ilikuwepo, chini ya shirika la umma la mawasiliano, ONATEL, lililoundwa mwaka 1979, lakini waya hizo ziliishia mijini, kwenye ofisi za serikali, makampuni na nyumba chache. Vituo vya afya, parokia na miradi iliyokuwa mbali na miji ilitumia simu ya upepo, yaani redio ya kupokea na kutuma sauti kwa mawimbi mafupi bila waya, ambayo katika ukanda huu huitwa foni. Simu hiyo ilikuwa na saa zake za kufunguliwa, kila kituo kilikuwa na jina lake la kuitia, na mtu mmoja tu aliweza kusema kwa wakati mmoja, tena akisikiwa na vituo vyote vilivyokuwa kwenye wimbi hilo, hivyo watumishi walizoea kusema mambo nyeti kwa mafumbo au kuyaacha yasubiri barua.

Chombo kilichofika kila mahali kilikuwa redio ya taifa. Matangazo yake yalihusu misiba, mikutano, mitihani na wito wa kazi, na msimu wa kahawa yalihusu bei, jambo lililokuwa na uzito mkubwa kwa wakulima wa Kirimiro, nyanda zinazouzunguka mji wa Gitega, na wa Muyinga na Kirundo, ambako baadaye makampuni ya kuosha kahawa yaliyojulikana kama SOGESTAL yalisimamia vituo vya kukusanyia mavuno. Tangazo la redio lilikuwa na sifa moja ambayo ujumbe wa simu hauna: lilisikiwa na wote kwa saa moja, mkubwa kwa mdogo, na hakuna karani aliyeweza kulificha kwenye saraka.

Katika mpangilio huo kungoja kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Jibu kutoka makao makuu lingeweza kuchukua wiki kadhaa, na wakati huo msimamizi wa kituo alilazimika kuamua mwenyewe: muuguzi alichagua mgonjwa wa kupelekwa hospitali, mkuu wa shule alipanga upya vipindi mwalimu alipougua, mhasibu wa kituo cha kahawa alikadiria magunia ya kukodi. Umbali uliwanyima msaada, lakini uliwapa pia uhuru na heshima ya kuamua, jambo linaloonekana wazi zaidi sasa ambapo kila swali dogo linaweza kupelekwa juu kwa ujumbe mmoja.

Simu isiyo na waya

Simu ya mkononi iliingia Burundi mwaka 1993 kupitia kampuni ya Telecel, mwaka uleule ambao mauaji ya Rais Melchior Ndadaye yaliitumbukiza nchi katika vita virefu vya wenyewe kwa wenyewe. Mwanzoni kilikuwa chombo cha wachache wa Bujumbura, na kuenea kwake mikoani kulikuja hasa katika miaka ya 2000, baada ya Mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000, kampuni nyingine zilipoingia sokoni na minara kuanza kusimamishwa vilimani. Warundi wakaipa jina lenye kueleza sifa yake, ngendanwa, yaani kitu ambacho mtu hutembea nacho. Mwaka 2015 kampuni ya Lumitel, tawi la Viettel ya Vietnam, ilianza huduma zake, na ushindani uliofuata ukaifikisha simu kwa watu ambao hawajawahi kuwa na simu ya waya nyumbani, wala hawatakuwa nayo kamwe.

Athari ya kwanza kazini ilikuwa ndogo kwa sura lakini kubwa kwa maana: mtu akawa ndiye anwani. Zamani ujumbe ulipelekwa mahali, yaani ofisini, na aliyekuwapo aliupokea. Sasa ulimfuata mtu popote alipo, shambani, sokoni au msibani. Pamoja na hilo ikazuka desturi ya kubipu, yaani kupiga na kukata kabla simu haijapokelewa ili upande wa pili ndio upige, na kutokana na desturi hiyo ikaonekana ni nani aliyetarajiwa kulipa. Ndugu mwenye mshahara aliupigia ukoo wake, tajiri aliwapigia vibarua wake, lakini katika ofisi za umma hesabu hiyo ilivurugika, kwa sababu mtumishi wa chini aliyekuwa na taarifa ya haraka hakuona adabu kumbipu mkubwa wake, hivyo alinunua vocha kwa fedha zake na kupiga.

Athari ya pili ilihusu kazi zenyewe. Umuhimu wa tarishi ulipungua, mpiga chapa aliyekuwa na ufundi wa pekee akakuta kila karani ana kompyuta, na mwendeshaji wa simu ya upepo akabaki katika taasisi chache. Upande wa pili zikazaliwa kazi ambazo mwaka 1985 hazikuwa hata na jina: kuuza vocha, kuchaji simu kwa malipo mahali pasipo na umeme, kutengeneza simu zilizoharibika, na kuendesha vibanda vya kuchapa, kurudufu na kutuma nyaraka karibu na ofisi za serikali. Nyingi kati ya kazi hizi mpya hazina mkataba wala pensheni, tofauti na kazi ya tarishi ambayo, ingawa ilikuwa ya chini, ilihesabiwa katika orodha ya watumishi.

Mpakani Kobero

Mahali ambapo mabadiliko haya yamegusa fedha moja kwa moja ni forodhani. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Burundi hupita Kabanga upande wa Tanzania na kuingia Kobero, na kwa miaka mingi kazi ya wakala wa forodha, yaani mtu anayemwandikia mfanyabiashara hati za kuingiza mali, ilikuwa kubeba mafaili kutoka dirisha moja hadi jingine, akikusanya saini na mihuri, huku dereva akilala chini ya lori lake. Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR, ilipoundwa mwaka 2009, kazi hiyo ilihamia hatua kwa hatua kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha uliobuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, ambamo tamko la mali hujazwa kwenye skrini na ushuru kukokotolewa na mashine.

Wakala aliyeanza kazi kwa kalamu alilazimika kujifunza upya akiwa na umri wa kati, na thamani yake ikabadilika. Zamani alilipwa kwa sababu alijua dirisha lipi lina karani gani. Sasa hulipwa kwa sababu anajua namba za kuainisha bidhaa na kosa gani litaukwamisha mzigo. Lugha pia ilipanda bei, kwa kuwa hati za OBR ni za Kifaransa, lakini mazungumzo na dereva, mwenye mali wa Dar es Salaam na ofisa wa ng'ambo ya mpaka huendeshwa kwa Kiswahili, na Muyinga, ambao una wasemaji wengi wa Kiswahili, una hazina ambayo mashine haikuweza kuileta. Kungoja hakukwisha hata hivyo, bali kulibadilisha sababu: umeme ukikatika au mtandao ukianguka, malori husimama kama zamani, ila sasa hakuna wa kubembelezwa dirishani.

Nyuzi za kioo

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010 intaneti ya Burundi ilitegemea setilaiti, chombo kinachoizunguka dunia kikiwa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na umbali huo ndio uliofanya kila swali la kompyuta lichukue karibu nusu sekunde kwenda na kurudi, mbali na gharama zake. Kebo za baharini za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 zilipofika pwani ya Afrika Mashariki, nchi zisizo na bahari zilipata fursa ya kuungana nazo kwa mkongo, yaani kebo yenye nyuzi nyembamba za kioo zinazosafirisha habari kwa mwanga. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, mradi wa Burundi Backbone System ulitandaza mkongo wa taifa wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, ukazinduliwa mwaka 2014 na kuiunganisha miji ya mikoa na nchi jirani.

Mkongo ulibadilisha kazi za kukusanya takwimu kuliko kazi nyingine yoyote. Kituo cha afya ambacho zamani kilijaza fomu ya mwezi kwa mkono, ikapelekwa wilayani na kujumlishwa na karani kabla ya kupanda ngazi, sasa kimo katika mnyororo wa DHIS2, programu ya takwimu za afya iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na nchi nyingi za Afrika, ambamo idadi ya wagonjwa wa malaria iliyoingizwa wilayani huonekana wizarani papo hapo. Daftari halijaondoka, kwa kuwa muuguzi bado huandika kwanza kwa kalamu mbele ya mgonjwa, kisha takwimu hizo huingizwa kwenye kompyuta umeme unapokuwapo; na katika nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ana umeme nyumbani, sharti hilo si dogo. Kwa watumishi wengi kompyuta imeongeza kazi moja juu ya ile ya zamani badala ya kuiondoa.

Malipo nayo yamefuata njia hiyo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, wazo la kutuma fedha kwa simu limeenea katika kanda nzima, na nchini Burundi huduma za Lumicash na Ecocash zimezaa vibanda vya mawakala hadi kwenye masoko ya vilimani. Mtumishi wa Muyinga mwenye mtoto anayesoma Gitega hahitaji tena kumtafuta msafiri mwaminifu wa kubeba bahasha, na mfanyabiashara hafungi soko mapema akiogopa kusafiri na fedha usiku.

Waandishi wa habari nao walijifunza kuitegemea simu, ila kwa njia ngumu zaidi. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, vituo kadhaa vya redio binafsi mjini Bujumbura vilishambuliwa na kuteketezwa, na sehemu ya waandishi waliobaki bila mitambo ikaanza kutangaza kupitia mitandao ya kijamii, kama ilivyofanya SOS Médias Burundi. Mwandishi wa mkoani aliyezoea kupeleka kanda ya kaseti studio alijikuta simu yake ndiyo kinasa sauti, ndiyo studio, na ndiyo kisambazaji.

Nani analipa, na kazi inaisha saa ngapi

Uhamisho wa makao makuu kwenda Gitega umeongeza uzito wa mawasiliano ya simu kazini, kwa sababu taasisi za dola sasa zimegawanyika kati ya miji miwili iliyotenganishwa na kilomita 100 hivi za barabara ya milimani, na uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umeifanya safari kuwa ngumu zaidi. Mwaka 2025 mikoa ya nchi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na Muyinga, ambao ulikuwa mkoa, ukaunganishwa na Cankuzo na Ruyigi kuwa mkoa wa Buhumuza. Mikoa ikiwa mikubwa, umbali kati ya mtumishi wa kilimani na ofisi ya mkoa hurefuka, na pengo hilo huzibwa na simu.

Simu inayoziba pengo hilo, hata hivyo, mara nyingi ni ya mtumishi mwenyewe, imenunuliwa kwa mshahara wake, imechajiwa kwa umeme anaoulipia na kupakiwa vocha kwa fedha za nyumbani. Ofisi ya mwaka 1985 ilinunua karatasi, wino, stempu na baiskeli ya tarishi. Matumizi hayo yamepungua vitabuni, lakini gharama haikutoweka, imebadilisha mlipaji tu. Muda nao umehama, kwa kuwa ujumbe wa kundi la WhatsApp la kazini unaotumwa saa tatu usiku humkuta mwalimu mezani na familia yake, na alama mbili za buluu humfahamisha mkubwa kwamba umesomwa, hivyo kukaa kimya kunaweza kutafsiriwa kuwa utovu wa nidhamu. Ufaransa ilikabili suala hilo kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2017, inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao juu ya haki ya kutojibu ujumbe wa kazi nje ya saa za kazi.

Lipo pia suala la kumbukumbu, ambalo halionekani haraka lakini lina madhara marefu. Agizo la kwenye simu halina namba, halina nakala ofisini, na simu ikiibiwa au mtumishi akihamishwa, sehemu ya historia ya ofisi huondoka naye. Ndiyo maana msimamizi mwenye busara, baada ya kupokea agizo kwa WhatsApp, bado husubiri au kuomba barua yenye muhuri kabla ya kutumia fedha, kwani ukaguzi utakapofika hautauliza aliambiwa nini, utauliza barua iko wapi. Mtumishi anatakiwa atende kwa kasi ya simu na ajitetee kwa kasi ya karatasi.

Dawa ya hali hii si kuirudisha taipureta. Ofisi zinazoitegemea simu ya mtumishi zinapaswa kuiingiza vocha katika bajeti kama zilivyoingiza stempu, kutangaza saa ambazo ujumbe wa kazi unaruhusiwa kutumwa, na kuliwekea kila agizo la simu namba na nafasi katika daftari, kama barua ilivyopewa. Kizazi kinachostaafu sasa kimevuka mabadiliko haya yote bila mafunzo ya kutosha na kwa gharama zake chenyewe. Kinachokuja nyuma yake Gitega na Muyinga hakistahili kuanza kazi kwa deni hilohilo.